Kupakia msimbo na data pekee hakutoshi
Ujumbe huu haukomi kusambaa kwenye makundi ya watafiti: "Ukishapakia msimbo na data, yeyote anaweza kurudia utafiti wako." Si kweli, na tafadhali tuache kuusambaza. Msimbo hutegemea matoleo ya programu. Kwa mfano, R 3.6.0, toleo la programu ya takwimu R lililotoka mwaka 2019, lilibadilisha namna amri yake ya sample() inavyochagua kwa nasibu. Mbegu ileile (namba inayoanzisha uchaguzi huo wa nasibu) ikaanza kutoa sampuli tofauti na za awali. Tunakosea kwa sababu kwenye kompyuta zetu kila kitu kilisakinishwa zamani, tukasahau. Jipime hivi: nakili mradi kwenye kompyuta isiyo na programu za mradi huo, kisha endesha amri moja, mfano make (inayoendesha hatua za mradi kwa mpangilio), isakinishe matoleo yaliyoorodheshwa na kujenga hadi jedwali la mwisho. Ukilazimika kurekebisha hata faili moja kwa mkono, bado haujakamilika.