Jengo limeuzwa, daftari je?

Kazi yangu ni ya kaunta, mwaka wa 19 huu: mwanzo Diani kwenye hoteli ya ufukweni, sasa huku ughaibuni. Niliposikia Mai-Kai imefunguliwa tena, wenzangu waliulizana habari za paa. Mimi nilitaka kujua kama ndimu bado inapimwa vilevile.

Mai-Kai ni mkahawa wa tiki, Fort Lauderdale, Florida. Tiki ni jina la Wapolinesia la kinyago chenye umbo la mtu. Wamarekani wakalichukua na kulibandika kwenye aina nzima ya baa: paa la majani, taa hafifu, vinyago kila kona, na ramu. Aliyeianzisha hakuwa mtu wa visiwani. Alikuwa Mmarekani, Ernest Gantt, aliyefungua kibaa chake Hollywood marufuku ya pombe ilipoondolewa, Desemba 1933, na akajulikana kwa jina la Don the Beachcomber. Ndugu wawili wa ukoo wa Thornton, vijana wa Chicago, walikuwa wateja wa tawi lake la huko. Desemba 1956 wakafungua mkahawa wao wenyewe Florida, ndio huo Mai-Kai.

Waliondoka Chicago na mtu mmoja muhimu kuliko mbao na vinyago vyote: Mariano Licudine, Mfilipino aliyekuwa ameichanganyia vinywaji kampuni ya Don kwa miaka mingi.

Hapa naomba nikae kidogo. Nyuma ya kaunta za Don walisimama Wafilipino, na Don alikuwa na wivu wa mapishi yake hata kwao. Chupa ziliandikwa namba na majina ya kificho. Karatasi ya kinywaji ilisema mimina kiasi fulani cha mchanganyiko wa Don, basi, bila kusema ndani mna nini. Miaka mingi baadaye mtafiti Jeff Berry ndiye aliyekuja kufumbua kwamba ni sehemu mbili za maji ya balungi kwa sehemu moja ya shira ya mdalasini. Kitu chenyewe ni hicho tu! Ila bila hicho, kinywaji kiitwacho Zombie hakiwi Zombie, na watu walihangaika nacho miongo kadhaa. Licudine alikuwa na vyote hivyo kichwani na kwenye daftari lake. Mwingine wa kundi hilo, Ray Buhen, alifungua baa yake ndogo Los Angeles mwaka 1961, Tiki-Ti, na familia yake ikairithi.

Nikupe mfano mmoja wa mkono wa Don, kwa sababu ulinigusa mimi mwenyewe. Sisi Kenya tuna dawa: vodka, ndimu, barafu, na asali iliyoviringwa kwenye kijiti. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijiona mjanja. Nikatupa kijiti, nikamimina asali moja kwa moja juu ya barafu, nikatikisa. Asali iliganda kama gundi chini ya chombo, mteja akanywa ndimu chungu, nami nikapewa maneno na mkubwa wangu mbele ya watu. Don alikwisha litatua jambo hilo zamani: asali kipimo kimoja, maji ya moto kipimo kimoja, koroga, acha ipoe. Sasa inamiminika na inachanganyika hata ndani ya baridi. Na barafu yake ilikuwa ya kusagwa, ikipigwa pamoja na kinywaji kwenye mashine ya kutengenezea milkshake kwa sekunde 5 hivi. Ukizidisha unakunywa maji.

Turudi Florida. Oktoba 2020 mvua kubwa iliharibu paa la upande wa jikoni na mkahawa ukafungwa. Mwaka uliofuata wawekezaji wa Miami wakaingia, ukoo wa Thornton ukabaki na hisa. Milango ilifunguliwa tena Novemba 2024. Nilikwenda miezi michache baadaye na binamu yangu wa Miami, ambaye hanywi. Alifuata ngoma ya Kipolinesia na wachezaji wa moto, onyesho ambalo limekuwako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambalo Mireille Thornton, mzaliwa wa Tahiti, amelilea tangu enzi alipokuwa mchezaji mwenyewe. Yeye akatazama jukwaa, mimi nikaingia baa ya Molokai. Imejengwa kama tumbo la merikebu, na maji yanateremka juu ya vioo vya madirisha usiku kucha, kama masika ya Mombasa ambayo hayamlowanishi mtu.

Nakiri paa lilinivuta macho. Nimekulia chini ya makuti ya viungo, najua jani la mnazi linavyokunjwa juu ya ufito na kushonwa, na najua hoteli zetu za pwani zinavyomuuzia mgeni makuti hayohayo kama ndoto. Kwa hiyo sina haki ya kuwacheka Wamarekani. Swali la Wapolinesia wenyewe wanapata nini katika biashara hii ni la kweli, na mwanamke wa Tahiti kushika onyesho miaka yote hiyo halilimalizi.

Niliagiza Derby Daiquiri, kinywaji cha Licudine mwenyewe: ramu, maji ya chungwa, ndimu, shira, barafu. Hakina pa kujificha. Chungwa likizidi ni juisi ya watoto, ndimu ikizidi unakunja uso. Kililetwa kikiwa na ukungu mweupe nje ya glasi. Ramu ilitangulia, chungwa likafuata, ndimu ikafunga mlango. Nusu saa baadaye nikaagiza cha pili, nikakinywa macho yamefumbwa kutafuta tofauti. Sikuipata.

Binamu alinikuta hivyo. Akauliza kama naumwa.