Bei kikomo ya mafuta haiamuliwi Jumatano

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, yaani bei za juu kabisa zinazoruhusiwa, malalamiko huanza kumiminika kabla hakujapambazuka. Bodaboda wa Mbagala ana haki ya kulalamika, maana petroli ndiyo mtaji wake. Ila dai kwamba mdhibiti hukaa ofisini akapandisha bei apendavyo si kweli.

Mdhibiti hukokotoa. Huchukua bei ya soko la dunia, gharama za kuagiza kwa pamoja na kusafirisha, thamani ya shilingi kwa dola, kisha kodi na tozo. Mafuta unayojaza leo yalinunuliwa wiki kadhaa zilizopita, hivyo bei ya dunia ikishuka jana, sheli ya Ubungo haiwezi kushusha leo.

Penye uamuzi wa kisera ni kwenye kodi na tozo, na hizo hupitishwa na Bunge, Dodoma. Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ili kugharamia miradi ya kimkakati. Mwaka mmoja kabla, vita ya Ukraine ilipopaisha bei, Serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa Juni 2022, na fedha hizo zilibidi zibanwe kwenye matumizi mengine. Muswada wa Sheria ya Fedha unapofika Kamati ya Bunge ya Bajeti, wadau huitwa kutoa maoni. Wafanyabiashara wakubwa hawakosi. Bodaboda nao wana vyama, navyo viende.

Sasa kituoni. Kuuza chini ya bei kikomo ni ruksa. Kuuza juu yake ni kosa. Bango la bei lazima lionekane, na kutokuwa nalo ni kosa hata kama bei yenyewe ni halali. Kuficha mafuta ili kungoja bei mpya ni kosa pia: mwaka 2023 vituo kadhaa vilifungiwa kwa sababu hiyo. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Huo ndio ushahidi wako, iwe umeuziwa kwa bei ya juu au mafuta yasiyo na ubora. Bei ya wilaya yako utaipata kwa kupiga *152*00#. Ilinganishe na risiti kwanza, ndipo ulalamike.