Grafu ya mstari: chunga nafasi kati ya mwaka na mwaka

Chukua karatasi ya grafu na matokeo ya sensa za Tanzania. Mwaka 1967 tulihesabiwa watu milioni 12.3. Mwaka 1978 tukawa milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, na 2022 tukafika milioni 61.7. Ni namba sita tu. Kwenye jedwali msomaji ataona kwamba tumeongezeka, basi. Ukizichora kwa mstari ataona na mwendo wenyewe: wapi tulikwenda taratibu, wapi tulishika kasi.

Mstari ni wa kitu kinachobadilika kadiri muda unavyopita. Idadi ya watu wa kila mkoa kwa mwaka mmoja usiichoree mstari, tumia grafu ya nguzo. Kati ya Dodoma na Kigoma kuna reli, lakini hakuna idadi ya watu inayopanda au kushuka njiani.

Sasa rudi kwenye ile miaka, maana hapo ndipo wengi tunajikwaa. Kutoka 1967 hadi 1978 ni miaka 11. Hadi 1988 ni 10. Kutoka 1988 hadi 2002 ni 14, kwa sababu sensa iliyofuata ilichelewa. Kisha ikawa kumi, na kumi tena.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha kazi aliniletea grafu ya namba hizihizi, ameichora kwa kompyuta, rangi zimekaa vizuri, kichwa cha habari kipo. Kipande cha 1988 hadi 2002 kilikuwa kimesimama kuliko cha 2002 hadi 2012. Chini yake akaandika kwamba baada ya 2002 watu wanaoongezeka kila mwaka wamepungua. Nikamsogezea kikokotoo. Milioni 11.3 gawanya kwa miaka 14: kama watu laki nane kwa mwaka. Milioni 10.5 gawanya kwa 10: milioni moja na zaidi kidogo. Grafu yake ilikuwa inasema kinyume cha takwimu zake mwenyewe.

Hakukosea kuingiza namba hata moja. Programu ndiyo iliyoichukulia miaka kama majina, ikaipanga kwa nafasi sawa, mithili ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Dawa yake ni kuchagua aina ya chati inayopanga nukta kwa thamani za mihimili yote miwili, yaani mstari wa kipimo ulalao chini na ule uliosimama wima pembeni, kisha kuziunganisha. Kwa mkono ni rahisi zaidi: sentimita moja kwa kila miaka mitano. Miaka 10 inachukua sentimita 2, miaka 14 inachukua sentimita 2.8. Hizo milimita nane ndizo zilizokuwa zimeliwa kwenye grafu ya yule kijana.

Na nukta ziache zionekane. Tulihesabu watu kwenye nukta tu. Mstari unaozishika ni makadirio yetu. Aliyesoma grafu hiyo akasema mwaka 1995 tulikuwa watu kadhaa anasoma wino, hasomi sensa.

Kuhusu kuanzia sifuri kwenye mhimili wima, watu hubishana mno. Nguzo lazima zianzie sifuri, kwa sababu jicho linapima urefu wake. Mstari unaweza kuanzia juu zaidi, ilimradi namba za mhimili ziandikwe wazi na zisomeke.

Kubwa kuliko hilo ni kujua mhimili wima unapima nini. Yule kijana angechora ongezeko kwa asilimia, angekuwa sahihi: kwa asilimia kasi ya kila mwaka ilishuka kidogo kati ya 2002 na 2012. Lakini yeye alichora watu.

Mkanganyiko huohuo ndio unaozua malalamiko kila grafu ya mfumuko wa bei inapotolewa. Wastani wa mfumuko Tanzania ulikuwa asilimia 16 mwaka 2012, ukawa 7.9 mwaka 2013 na 6.1 mwaka 2014. Mstari unateremka kama mtu anayeshuka mlima. Msomaji anatoka na gazeti hadi sokoni, anakuta nyanya na mchele havijashuka, anasema wataalamu wanatudanganya.

Lakini ule mstari haukuwa wa bei. Ulikuwa wa kasi ya bei kupanda. Tuchukue kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 100 mwaka 2011. Kwa viwango hivyo, 2012 linagharimu 116, 2013 linafika 125, na 2014 linakaribia 133. Chora namba hizo na mstari unapanda tangu mwanzo hadi mwisho, ila mwinuko wake unapungua. Mimi nikiandaa taarifa kwa wananchi huweka grafu zote mbili ukurasa mmoja, ya kapu juu na ya asilimia chini, miaka ikiwa imenyooka mwaka kwa mwaka. Mtu anaweka kidole kwenye 2013 juu, anakishusha hadi 2013 ya chini.