Jazi ya fyusheni ni nini? Wasikilize e.s.t. wa Sweden

Fyusheni ni jazi iliyochanganywa na muziki mwingine, hasa roki na fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi. Ilishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, mpiga tarumbeta Miles Davis alipoingiza magitaa na vinanda vya umeme katika bendi yake. Kwa sababu hiyo wengi huamini kuwa pasipo umeme hakuna fyusheni. Sikubaliani nao. Jambo kubwa ni mpangilio: katika jazi ya kawaida wapigaji hupokezana zamu za kutamba juu ya wimbo, ilhali roki hushikilia mdundo mmoja na bendi nzima hupanda pamoja hadi kileleni. Fyusheni huchota kote kuwili.

Esbjörn Svensson Trio, au e.s.t., wanalionyesha hilo vizuri kuliko bendi yoyote ninayoijua. Svensson alipiga piano, Dan Berglund besi kubwa ya kusimama, Magnus Öström ngoma. Ala hizo tatu ndizo walizoanza nazo katika albamu ya kwanza mwaka 1993, na ndizo walizobaki nazo.

Mwaka 1996 bado walikuwa wanajazi wa kawaida, wakirekodi nyimbo za Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani. Albamu ya From Gagarin's Point of View ya 1999 ikatuliza mambo: melodi fupi, nafasi nyingi kati ya noti. Baada ya hapo roki ikaingia waziwazi. Berglund alipitisha besi yake kwenye kifaa cha kukwaruza sauti, kile cha wapiga gitaa, kisha akaisugua kwa upinde. Svensson naye alitia mkono ndani ya piano na kuziba nyuzi zenyewe. Sikiliza wimbo unaofungua Tuesday Wonderland ya 2006: piano inaanza kwa upole kabisa, mara besi inanguruma hadi unatafuta gitaa ambalo halipo.

Albamu ya Leucocyte ilirekodiwa Sydney mwaka 2007, watatu hao wakibuni papo kwa papo. Ni ya giza, imejaa mikwaruzo na sauti za kielektroniki. Ilitoka 2008, baada ya Svensson kufariki Juni mwaka huo akipiga mbizi karibu na Stockholm, akiwa na miaka 44.

Mgeni wa bendi hii asianze na Leucocyte, itamchosha. Aanze na Gagarin, apitie Seven Days of Falling ya 2003, ndipo aifikie.