Maziwa hayakati sumu: tunayodanganyana kuhusu dawa za mashambani

Naanza na hii inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wazima na wanaambiwa vijana wanaobebeshwa solo (lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa) asubuhi bila glovu.

"Ukimaliza kupuliza kunywa maziwa, sumu inakatika"

Haikatiki jamani. Anayepuliza, dawa nyingi inamwingia kupitia ngozi, mgongoni pale solo linapovuja, mikononi wakati wa kuchanganya, mapajani anapopita katikati ya matuta majani yakiwa bado mabichi, sasa maziwa yakiwa tumboni yanaifuataje huko? Dawa za kundi la organofosfeti, mfano profenofosi na klopirifosi, zinabana enzaimu inaitwa kolinesterasi, kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika unakotakiwa, ikibanwa ujumbe hauzimiki, ndo unaona mtu anatoka jasho jingi, mate yanajaa, kichwa kinagonga, anatapika, mboni za macho zinakuwa ndogo sana na misuli inachezacheza yenyewe. Hapo kwetu tunasema malaria. Anameza dawa ya malaria, keshokutwa yuko shamba tena na lilelile solo linalovuja.

Kinachosaidia ni kuvua nguo zote ulizopulizia, kuoga kwa sabuni na maji mengi, na nguo hizo zifuliwe peke yake zisichanganywe na za watoto. Ukijisikia vibaya nenda hospitali na chupa au lebo mkononi, kwa sababu daktari akijua ni organofosfeti ana dawa yake, ila ukimwambia tu "nilipuliza dawa ya nyanya" humsaidii sana.

Na kipimo kipo. Ni cha damu, mpulizaji anapimwa kolinesterasi kabla msimu haujaanza ili ijulikane kiwango chake cha kawaida, kisha anapimwa tena kupuliza kukiwa kumekolea, ikionekana imeshuka sana anatolewa kwenye solo mpaka irudi. Kile kipimo cha mwanzo ndo muhimu maana watu tunatofautiana, namba moja peke yake bila ya kuilinganisha nacho inasema kidogo sana. Watu wengi wakisikia ufuatiliaji wa viuatilifu, yaani hizi dawa za mashambani, wanawaza maabara na nyanya tu, kumbe yule mpulizaji ndo angetakiwa kuwa wa kwanza kufuatiliwa.

"Mkanda wa kijani, hiyo haina shida"

Ile rangi chini ya lebo (nyekundu, njano, bluu, kijani) inaeleza kitu kimoja tu: ukiinywa au ikikumwagikia leo, ina uwezo gani wa kukuua au kukuumiza haraka. Nyekundu ni kali kabisa, kijani ni kwamba kwa matumizi ya kawaida haitegemewi kukuangusha papo hapo. Haisemi lolote kuhusu kuivuta kila wiki kwa miaka kumi, wala kuhusu samaki au nyuki.

Mfano mzuri ni mankozebu, ile dawa ya ukungu inayoacha unga kwenye nyanya. Iko kwenye kundi hilo la kijani, na ndiyo maana watu wanaikoroga kwa mkono mtupu. Lakini mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoiongezea kibali, na sababu zilizotajwa ni pamoja na madhara kwa uzazi na kuvuruga homoni. Huku kwetu bado inapulizwa, kwa hiyo angalau tusidanganyane kwamba rangi ya kijani ni ruhusa ya kuoga nayo.

"Osha tu, kwanza ukipika sumu inakufa na moto"

Kuosha kunasaidia, osheni, tena kwa kusugua na maji yanayotiririka. Ila kuna dawa zinazobaki juu ya ganda na kuna zinazoingia ndani ya mmea, zinasafiri na maji ya mmea mpaka kwenye tunda, hizo hata ukisugua mpaka ganda lichubuke bado ziko ndani. Kinachozipunguza hizo hasa ni muda: siku ambazo lebo inasema usubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Hizo siku ndo dawa inavunjikavunjika, na zinatofautiana, dawa nyingine siku tatu, nyingine wiki mbili au zaidi, inategemea dawa na zao. Ukipuliza Jumatatu Jumatano dalali kaja na lori bei imepanda ukavuna, hakuna sinki jikoni la mtu litakalorekebisha hilo.

Na ile ya moto inabidi niiseme vizuri. Mankozebu ikipata moto inazaa kitu kingine kinaitwa ETU, ambacho ndicho kinawapa wataalamu wasiwasi zaidi, hasa kwenye tezi ya shingo. Kwa hiyo nyanya yenye unga ioshwe kabla haijafika kwenye sufuria, ukiutegemea moto umekosea mlango.

"Zimepimwa maabara, ziko safi"

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hata watu waliosoma wanateleza.

Maabara haina kifaa unachoweka nyanya kikakwambia "ina sumu" au "haina". Kila maabara ina orodha ya dawa inazozitafuta, wanasaga sampuli, wanatoa kimiminika chake, wanakipitisha kwenye mashine, na mashine inalinganisha na ile orodha. Kitu kisichokuwemo kwenye orodha kinapita salama salimini. Mashine za siku hizi zinaweza kutafuta mamia ya dawa kwa mkupuo mmoja, ni kazi kubwa na nzuri sana, lakini hapohapo kuna dawa zisizokubali kupimwa kwa mkupuo huo. Glaifoseti, ile ya kuua magugu, inahitaji njia yake. Mankozebu hivyohivyo: inavunjwa kwa asidi na joto mpaka itoe gesi ya kaboni disalfaidi, halafu gesi hiyo ndo inayopimwa. Sasa fikiria, dawa inayopulizwa kwenye nyanya zetu karibu kila wiki ya mvua ndiyo hiyohiyo ambayo kipimo cha kawaida cha mkupuo hakiioni kama hakuna aliyekumbuka kuiagizia kipimo chake.

Tena kuna kichekesho cha upande wa pili kinachowaumiza wakulima wa kabichi. Kabichi na ndugu zake kwa asili zina vitu vyenye salfa vinavyoweza kutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo mkulima anaweza kuonekana kapuliza wakati hajapuliza. Anayesoma majibu lazima ajue hilo.

Kwa hiyo ukiambiwa mzigo umepimwa, uliza umepimwa dawa zipi, na nani alijua shambani ilipulizwa nini. Maabara inayopewa rekodi ya shamba inajua pa kutafuta, isiyopewa inabahatisha. Mimi naamini kabisa kwamba daftari la mkulima lina uzito uleule wa mashine ya mamilioni.

"Ikikutwa na mabaki ya dawa hata kidogo basi hiyo ni sumu"

Hapana, na hofu hii nayo inaharibu, maana mtu akiamini kila kitu ni sumu anaacha mboga, au anaona hakuna haja ya kuhangaika tena.

Kiwango cha juu cha mabaki kinachoruhusiwa kinawekwa hivi: wanapuliza kwenye mashamba ya majaribio kwa kufuata lebo, wanavuna kwa siku zilizoandikwa, wanapima kimebaki nini. Halafu wanaangalia mtu akila hivyo kila siku maisha yake yote kama atavuka kiwango salama, ambacho chenyewe kwa kawaida ni kile kisichomdhuru mnyama wa maabara kikagawanywa kwa 100. Pale ambapo Ulaya hawajaweka kiwango maalumu wanatumia miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja kwenye tani 100 za mboga. Kwa hiyo mzigo ukivuka kiwango, mara nyingi inamaanisha kwanza kuna mtu hakufuata lebo. Kama ni hatari kwa mlaji ni hesabu nyingine inayofuata, na hapo kuna dawa kama hizi organofosfeti ambazo hata mlo mmoja peke yake unaangaliwa, hasa kwa mtoto, maana mtoto kwa kila kilo ya mwili wake anakula zaidi kuliko wewe.

"Hayo mambo ya kupima ni ya Wazungu"

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga viuatilifu majini. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba ikamwagwa ziwani, sangara akaokotwa juu ya maji, na viwanda vya Kenya, Uganda na Tanzania vikaonja joto ya jiwe. Sawa, aliyefunga mlango ni Mzungu, lakini waliokuwa wanachota maji ya kunywa na dagaa wa mboga kwenye ziwa hilo ni nani?

Halafu kuanzia Januari 2013 maharage mabichi na njegere za Kenya zikaanza kukaguliwa kwa asilimia 10 ya mizigo kule Ulaya kwa sababu ya mabaki, dimethoeti, dawa ya wadudu, ikiwa ndiyo tatizo kubwa. Wakulima wadogo walipata shida kweli. Kinachonisumbua ni kwamba zao likikataliwa nje mara nyingi linatafuta soko la ndani, na soko la ndani halina anayelisubiri mlangoni na kipimo. Tanzania tuna TPHPA pale Arusha, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyotokana na sheria ya 2020 na kuichukua iliyokuwa TPRI, Kenya kuna PCPB (bodi ya viuatilifu) na KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea), kwa hiyo vyombo vipo. Sampuli zichukuliwe kwenye masoko ya Kariakoo, Kilombero Arusha na Wakulima Nairobi kwa bidii ileile ya mizigo ya nje pale uwanja wa ndege.

"Wadudu sugu, zidisha vifuniko vya dawa"

Kanitangaze, yule mdudu wa nyanya, alipoingia Tanzania kwenye 2014 watu walizidisha dozi, wakachanganya dawa tatu kwenye solo moja, na nyanya zikaisha vilevile. Yule mdudu anakaa ndani ya jani, na huko Amerika Kusini alikotoka alishazoea dawa nyingi kabla hajatufikia. Tena mara nyingi zile dawa tatu zina majina matatu ya biashara na kiambato (ile sumu yenyewe inayofanya kazi) kilekile kimoja, soma yale maandishi madogo.

"Ikipita muda imeisha nguvu, itupe tu"

Pale Vikuge, Mkoa wa Pwani, mwaka 1986 ilipokelewa shehena ya msaada kutoka Ugiriki, tani 170 hivi za dawa, nyingine zimeshapita muda, DDT, sumu ya wadudu, ikiwemo. Ghala likaja kubomoka, na watafiti waliochimba udongo pale miaka mingi baadaye walikuta DDT bado ipo. Kupita muda kunaiharibia kazi ya kuua wadudu vizuri, hakuigeuzi kuwa mchanga. Chupa nazo: ukimaliza tu suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye solo yakapulizwe, halafu itoboe isije ikawekwa mafuta ya taa au maji ya kunywa.

"Daftari ni la wenye mashamba makubwa"

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, kipande gani cha shamba, jina la kiambato na siyo jina la duka, kiasi ulichoweka, solo ngapi, nani kapuliza, na tarehe ambayo kuvuna kunaruhusiwa. Dalali akija kabla ya tarehe hiyo mwonyeshe. Na siku sampuli ya bonde lenu ikikutwa na tatizo sokoni, mwenye daftari anaonyesha kipande chake kilipulizwa nini na lini, tatizo linafuatwa mpaka shamba lilikotoka, badala ya nyanya za bonde zima kumwagwa.