Megapikseli nyingi si lazima picha nzuri

Msimu wa korosho ukilipa, harusi huongezeka Mtwara, na mpiga picha huulizwa swali lile lile: kamera yako ina megapikseli ngapi, yaani mamilioni mangapi ya nukta zinazounda picha? Watu wanaamini zikizidi, na picha inazidi uzuri. Sivyo. Picha ya A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji takriban megapikseli 9 tu, na skrini ya 4K huonyesha kama 8.

Kamera ya megapikseli 61, kama Sony α7R IV ya 2019, ina faida ya kweli. Unaweza kukata kipande kidogo cha picha, tuseme kona ya mlango wa nakshi kule Mikindani, na maua yake yakabaki makali. Mabango makubwa pia yanafaidi. Lakini faili moja ghafi (picha kama kamera ilivyoinasa, kabla ya kuhaririwa) lisilobanwa hukaribia MB 120: picha 1,000 za harusi ni takriban GB 120, bado nakala ya akiba. Kompyuta ya kawaida huelemewa. Na mkono ukitikisika kidogo tu, ukiikuza picha unauona ukungu kwenye kope za bibi harusi.

Kwa ukumbi wenye mwanga hafifu, mimi ningenunua kwanza lenzi nzuri na flashi.