Majina ya waandishi wa Myanmar: acheni kutafuta ukoo usiokuwepo

"U katika U Thant ni kifupi cha jina gani?" Swali hili halifi. Si kifupi cha chochote. U ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema Mzee au Bwana. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa 1961 hadi 1971, aliyewahi kuandika magazetini kwa lakabu ya Thilawa, jina lake ni Thant, basi. Baba yake aliitwa Po Hnit. Ndugu zake Khant, Thaung na Tin Maung. Ukoo uko wapi hapo?

Mara nyingi jina hufuata siku ya kuzaliwa, kwa kuwa kila siku ya juma ina herufi zake. Thant alizaliwa Ijumaa, 22 Januari 1909, na herufi inayoanza jina lake ni ya Ijumaa.

Anayewapotosha wengi ni mwanasiasa Aung San Suu Kyi, kwa sababu amebeba jina la baba yake zima. Lakini Suu ni la bibi yake mzaa baba, na Kyi limetoka kwa mama yake, Khin Kyi. Wazazi walipenda hivyo, si desturi. "Kyi, Aung San Suu" ni kosa. Kwenye faharasa, yaani orodha ya majina kwa alfabeti, mweke kwenye A.

Kanuni ni hii: ondoa neno la heshima, panga kwa neno la kwanza la jina lenyewe, kisha rudisha heshima baada ya mkato: Thant, U. Usipindue kitu kingine. Ugumu uko kwa waandishi, maana lakabu hubeba jina la gazeti au mji. Ludu U Hla na mkewe Ludu Daw Amar wa Mandalay walichukua Ludu, yaani "umma", kutoka gazeti na kiwanda chao cha uchapaji. Gazeti lilifungwa na serikali 1967. Daw ni Bibi. Kwa hiyo andika "Hla, Ludu U", na uweke rejeo kwenye L ("Ludu U Hla: tazama Hla, Ludu U"), maana msomaji ataanzia huko.

Msiondoe heshima kwa pupa pia. Maung ni heshima katika Maung Thura, lakini katika Tin Maung ni sehemu ya jina. Na mwandishi Journal Kyaw Ma Ma Lay, aliyebeba jina la jarida la wiki alilochapisha na mumewe, ukimpunguzia kila "Ma" unabaki na Lay, ambaye hakuna anayemjua.

Dhana nyingine: jarida la zamani la Myanmar lenye kurasa zilizochanwa au mistari iliyopakwa wino ni nakala mbovu. La. Kwa miaka mingi majarida yalikaguliwa yakiwa yameshachapwa, na mchapishaji akaamriwa kuchana au kufuta. Ukaguzi wa kabla ya kuchapisha ulikomeshwa 20 Agosti 2012. Usiandike "imeharibika", linganisha orodha ya yaliyomo na kurasa zilizobaki, uandike kilichokosekana.

Eti wachekeshaji wa anyeint, maonyesho ya jadi ya ngoma, muziki na vichekesho, ni burudani tu? Par Par Lay na Lu Zaw walihukumiwa miaka 7 kwa mzaha wa jukwaani wa 4 Januari 1996. Na Zarganar, mchekeshaji mwingine aliyesomea udaktari wa meno, hilo si jina lake la kuzaliwa: maana yake ni kibano, na mwenyewe ndiye huyo Maung Thura. Mweke kwenye Z, rejeo litoke Thura.